Kusoma sekondari huku unajifunza ufundi na kufanya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya Tanzania Bara na yanamlenga zaidi mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, pamoja na mzazi wake. Zanzibar ina sheria zake za watoto na kazi, na ina mamlaka yake ya mafunzo ya amali (yaani ufundi na ujuzi wa kazi), kwa hiyo wasomaji wa huko waulize kwanza kwenye ofisi zao.

Je, sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi?

Ndiyo, kwa masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuanzia miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, yaani kazi isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomzuia kuhudhuria shule au mafunzo ya ufundi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza mambo matatu ambayo kila familia inapaswa kuyajua. La kwanza, kazi inayozidi saa 6 kwa siku ni unyonyaji. La pili, mtoto hafanyi kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. La tatu, malipo yake yalingane na kazi aliyoifanya. Kwa sheria hii, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata awe mrefu kuliko fundi wake.

Kazi zipi haziruhusiwi kabisa?

Machimbo ya madini na kokoto, uvuvi na kazi za majini, kubeba mizigo mizito, kazi za kemikali hatari, na baa. Sheria inaacha mlango mdogo kwa mafunzo: kijana wa chini ya miaka 18 anaweza kuingia kiwandani au kwenye karakana yenye mashine iwapo ni sehemu ya mafunzo yake, anasimamiwa, na amefundishwa kazi hiyo mahususi. Kumtuma kijana dukani kununua msumeno kisha kumwambia akate mbao siku hiyohiyo si mafunzo.

Kuhusu bodaboda tunaulizwa sana. Leseni ya kubeba abiria kwa pikipiki haipatikani kabla ya miaka 18, na mwanafunzi anayeendesha bila leseni akigonga mtu, familia nzima inaingia matatani. Iacheni.

Saa ngapi kwa wiki zinafaa?

Piga hesabu ya wiki nzima kabla ya kumjibu mtu yeyote anayekupa kazi. Wiki ina saa 168. Kulala saa 8 kila siku ni 56. Shule ya kutwa, kuanzia gwaride la asubuhi hadi kengele ya mwisho, pamoja na masomo ya ziada, inakula kama 40. Njiani kwenda na kurudi, weka 12. Kujisomea saa 2 kwa siku ni 14. Kazi za nyumbani 14. Kula, kuoga, ibada na mapumziko ya kawaida, 16. Jumla ni 152. Zinabaki saa 16, na humo ndani lazima uache nafasi ya kuugua, msiba, mvua na daladala lililochelewa.

Kwa hiyo kiwango tunachokitetea ni saa 10 kwa wiki wakati shule zimefunguliwa: Jumamosi saa 6, na jioni mbili za saa 2 kila moja. Jumapili ibaki wazi. Anayeishi mbali, anayetembea saa nzima kwenda shule, abaki na Jumamosi pekee. Mwanafunzi akianza kuongeza saa, kitu cha kwanza kuliwa huwa ni usingizi, maana hakuna anayeudai. Wiki mbili baadaye anasinzia kipindi cha tatu, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Je, saa hizo ni zilezile kwa kila kidato?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kidato cha kwanza, usiingie kwenye kazi yoyote ya kudumu. Mwaka huo ni wa kuhama kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda masomo ya Kiingereza, na mwanafunzi aliyeachwa nyuma hapo hulipa deni hilo miaka mitatu. Likizo ya Juni na ya Desemba zinatosha.

Kidato cha pili, saa 10 zinawezekana hadi Agosti, kisha simama mpaka upimaji wa taifa wa mwisho wa mwaka upite. Asiyefaulu upimaji huo hukariri darasa, na mwaka mmoja wa kukariri una gharama kubwa kuliko chochote atakachokipata gereji.

Kidato cha tatu ndicho chenye nafasi zaidi ya kujifunza ufundi, lakini kina mtego. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama za maendeleo huchangia asilimia 30, na ndani yake mna mitihani ya kidato cha tatu. Ukikosa mtihani wa muhula kwa sababu fundi alipata kazi Kibaha, umepoteza alama ambazo Novemba ya mwaka unaofuata haitazirudisha.

Kidato cha nne, Jumamosi pekee hadi Juni. Kuanzia Julai, acha.

Kuna njia rasmi inayounganisha darasa na ufundi ndani ya shule moja?

Ipo, na ndiyo ya kwanza kuichunguza. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 imeweka mikondo miwili ya sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 katika shule chache za serikali na binafsi, na unaendelea kupanuka. Mwanafunzi anachagua fani, anasoma pia masomo ya jumla kama Hisabati na Kiingereza, na akimaliza analengwa kupata vyeti viwili: cha elimu ya sekondari kutoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na cha ufundi stadi kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.

Kabla ya kumpeleka mtoto, nendeni shuleni mkaione karakana. Ulizeni wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja, mwalimu wa fani amesomea wapi, na vifaa vya kujifunzia, kama mbao, vitambaa au vyuma, vinatoka kwenye fungu gani. Shule yenye vyerehani 6 kwa wanafunzi 80 itafundisha ushonaji ubaoni.

Zipo pia shule kongwe za ufundi za serikali: Tanga, Moshi, Ifunda, Iyunga, Mtwara, Musoma, Bwiru Wavulana, Chato na Mwadui. Humo masomo ya uhandisi na ufundi yamo kwenye ratiba ya kawaida, kwa hiyo mwanafunzi hahitaji kukimbia huku na huku.

Naweza kusoma VETA na sekondari kwa wakati mmoja?

Kozi ndefu, hapana. Ngazi za NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ni tatu, kila moja kwa kawaida ni mwaka mzima wa masomo ya mchana, na zinagongana na ratiba ya shule. Yanayowezekana ni mafunzo ya muda mfupi: vyuo vingi vya VETA vina kozi za jioni au za wiki chache, kama kompyuta, upishi, ushonaji, umeme wa majumbani. Ratiba hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo nenda ofisi ya chuo kilicho karibu mwezi mmoja kabla ya likizo na uulize kozi ipi inaingia yote ndani ya likizo yako. Kozi ya wiki sita ukiianza kwenye likizo ya wiki nne utaiacha katikati na ada haitarudi.

Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchi nzima, vingi vikiwa vijijini ambako chuo cha VETA kiko mbali. Vinafundisha kilimo, ufugaji, useremala, ushonaji, uashi na fani nyingine, na baadhi vina bweni.

Cheti cha kozi fupi kina uzito gani?

Kinaonyesha umehudhuria na umejifunza jambo fulani. Si sawa na NVA, na usikubali mtu akuuzie kana kwamba ni sawa. Chuo binafsi kikikuambia kinatoa cheti kinachotambulika, omba namba yake ya usajili na uitafute kwenye tovuti ya NACTVET. Angalia mambo mawili: chuo kimesajiliwa, na fani unayoitaka imo kwenye orodha ya fani zake. Chuo kinaweza kusajiliwa kwa kompyuta kikafundisha umeme bila ruhusa.

Kuna pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa, huongezewa mafunzo pale alipopungua, kisha hupewa cheti. Huo ni kwa waliokaa kazini kwa miaka. Mwanafunzi wa Jumamosi ajiwekee msingi wake tu: picha za kazi alizofanya, tarehe, na jina la fundi aliyemsimamia.

Nimepata fundi wa mtaani aliye tayari kunifundisha. Nianzeje?

Kaa hapo siku nzima kwanza ukiangalia tu. Je, fundi anaeleza anachofanya au anaagiza tu "nipe spana, leta maji"? Vijana waliotangulia wako wapi sasa? Kama kuna kijana ana mwaka wa pili na bado anafagia na kuchota maji, wewe pia utafagia.

Kisha yaandikeni makubaliano. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, lakini uwe na mambo yafuatayo: jina na umri wa mwanafunzi; siku na saa, kwa mfano Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana; kazi atakazofundishwa na kwa mwezi upi; nani ananunua vifaa vya kinga; chakula cha mchana ni cha nani; malipo au ada, na siku ya kulipa; nani anagharamia matibabu akiumia; na ruhusa ya kutokuja wiki zote za mitihani bila kufukuzwa. Wasaini fundi, mzazi na mwanafunzi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji awe shahidi. Nakala tatu.

Mafundi wengine husita wakiona karatasi. Mzazi aeleze kwa heshima kwamba karatasi inamlinda fundi pia: kijana akiharibu kitu cha mteja, tayari inajulikana nani anawajibika. Kipengele cha mitihani ndicho kinachosahauliwa mara nyingi, na ndicho kinacholeta ugomvi zaidi, maana Novemba na Desemba ni msimu wa kazi nyingi kwa cherehani, rangi na useremala. Fundi anamhitaji kijana wiki ileile anayohitajika kwenye chumba cha mtihani.

Miezi mitatu ya kwanza nijifunze nini?

Inategemea fani. Kwa ushonaji, mwezi wa kwanza ni kuitawala mashine: kushona mistari iliyonyooka kwenye karatasi bila uzi, kutia uzi na bobini, kurekebisha mkazo wa uzi, kubadili sindano (namba 11 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa kitenge na pamba ya kawaida, 16 kwa jinzi). Uzi ukikatika mara kwa mara, wengi hulaumu uzi, kumbe sindano imewekwa kinyume au imepinda. Mwezi wa pili: pindo, mfuko, zipu. Wa tatu: kuchukua vipimo na kukata sketi ya kawaida, ukiacha sentimita 1.5 za mshono kila upande. Asiyeacha nafasi hiyo hukabidhi sketi isiyomwingia mteja, na kitambaa hakirefuki.

Kwa umeme wa majumbani, anza na kutambua waya na kazi zake: wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko. Hapa Fizikia inakuja yenyewe. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampia 8.7, gawanya tu wati kwa volti. Ukishalifanya hilo mara kumi kwa vifaa halisi, swali la mtihani halikutishi. Lakini kumbuka kuwa kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwanafunzi hufanya chini ya macho yake, wala hachukui kazi ya jirani peke yake.

Kwenye uashi, jiometria ya darasani hutumika siku ya kwanza: pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, ikiwa kamba ya kuunganisha ncha hizo ni mita 5 kamili, kona ni pembe mraba. Mwambie mwalimu wako wa Hisabati kwamba unaitumia. Walimu husaidia zaidi mwanafunzi anayeleta swali kutoka kazini.

Ajali zipi huwapata wanafunzi zaidi, na zinazuiwaje?

Macho ndiyo ya kwanza kuumia kwenye uchomeleaji. Miwani ya jua haizuii mwanga wa moto wa kuchomelea. Kijana hahisi kitu mchana, kisha usiku macho yanawaka kana kwamba yamejaa mchanga na hawezi kuyafungua. Inatakiwa ngao yenye kioo maalumu, namba 10 au 11 kwa kazi ya kawaida ya elektrodi, na anayeshikilia chuma avae pia, si mchomeleaji peke yake. Viatu viwe vya kufunika mguu, na nguo ziwe za pamba. Za nailoni huyeyuka zikagandia ngozini.

Kwenye umeme: zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, na mwambie kila mtu nyumbani asiwashe. Mashine ya kukata chuma ikiwa haina kava lake, usiiguse. Kwenye saluni, dawa za kulainisha nywele huchoma ngozi, kwa hiyo glovu ni lazima, na mlango uwe wazi kupitisha hewa.

Sare ya shule isivaliwe kazini. Mikono mirefu na tai hunaswa na mashine, na grisi haitoki.

Nilipwe kiasi gani?

Tofautisha hali mbili. Unayejifunza tu, ukiwa unaharibu vifaa zaidi ya unavyozalisha, ni kawaida kupewa nauli na chakula, na fundi mwingine hudai ada. Lakini siku kazi yako inapouzwa kwa mteja, unastahili malipo. Wekeni kwenye makubaliano tarehe ya kuipitia hali hiyo upya, miezi mitatu ikipita.

Piga hesabu ya kinachobaki. Tuseme unapewa shilingi 6,000 kwa Jumamosi. Nauli ya mtu mzima kwenda na kurudi ni 1,200, kwa sababu bila sare au kitambulisho kondakta hatakutoza ya mwanafunzi. Chakula 2,000. Sabuni na vitu vidogo 300. Unabaki na 2,500, na kwa mwezi ni kama 10,000. Kama fedha hizo ndizo sababu pekee ya kwenda, na hakuna ujuzi unaoupata, bora saa hizo ukazisomee.

Aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha NIDA, hivyo laini ya simu na akaunti hupitia kwa mzazi. Kubalianeni nyumbani mapema fedha hiyo ni ya nini. Vijana wengi huacha kazi, na hata shule, kwa hasira ya kuona malipo yao yakitumika bila kuambiwa.

Shule ijulishwe?

Ndiyo. Mwambie mwalimu wa darasa, na mpe siku na saa. Mwalimu anayejua ataona mabadiliko mapema, na hatakuita mtoro kwa kukosa masomo ya ziada ya Jumamosi moja. Wanaokaa bweni wasitoroke kwenda kwa fundi; ruhusa hiyo haipo, na adhabu yake ni nzito. Wao likizo ndiyo nafasi yao.

Alama zimeshuka. Niache kazi?

Angalia kwanza zimeshuka wapi. Kama ni somo moja, huenda tatizo ni mada. Kama ni masomo matatu au zaidi ndani ya muhula mmoja, punguza kazi nusu kwa wiki nne. Zisipopanda, simama kabisa. Usisubiri matokeo ya mwisho wa mwaka. Dalili hutangulia: daftari lisilo na tarehe za Jumatatu, zoezi la kunakili kwa mwenzako, kusinzia.

Na ufaulu wa darasani unamhusu fundi pia. Kujiunga na astashahada kwenye vyuo vingi vya ufundi kunahitaji angalau alama D nne kwenye masomo yasiyo ya dini. Kijana mwenye mikono mizuri na D mbili hukutana na mlango huo umefungwa.

Niliacha shule, sasa nafanya kazi. Naweza kurudi?

Unaweza. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vya sekondari kwa njia mbadala, vyenye vipindi vinavyomwezesha mtu kufanya kazi. Aliyeishia kabla ya kufaulu kidato cha pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, kisha hujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Usajili wa NECTA hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Tangu Novemba 2021, wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi hata kwenye shule za kawaida za serikali.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne nifanye nini?

Mtihani unaisha Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni zaidi ya miezi saba, na ndicho kipindi kizuri kuliko vyote kwa kujifunza ufundi, kwa sababu hakuna kengele ya shule. Fuatilia maombi ya vyuo vya ufundi ukiwa bado kidato cha nne, maana fomu za kozi ndefu zinazoanza Januari hutoka miezi kadhaa kabla. Anayesubiri matokeo huzikuta zimefungwa. Kama unalenga kidato cha tano, chukua kozi ya miezi mitatu au minne tu, au rudi kwa fundi wako kwa siku tano za wiki, ukipanga upya malipo. Matokeo yakitoka, usiache ghafla. Mpe fundi taarifa ya wiki mbili, omba barua fupi inayotaja kazi ulizofanya na muda uliokaa, yenye jina na saini yake, kisha itoe nakala.